Kabla Uso Haujaguswa na Leza

Mwanamke wa miaka 29 aliketi mbele yangu akiwa amejifunika mtandio hadi chini ya macho. Alipouondoa, mashavu yote mawili yalikuwa na vidoa vidogo vyeusi vilivyojipanga kwa safu, mfano wa matundu ya wavu wa dagaa. Wiki tano zilizotangulia alikuwa amefanyiwa leza katika duka la urembo ili kupunguza makovu ya chunusi, na harusi yake ilikuwa imebaki wiki tatu. Kabla ya mashine kuwashwa aliulizwa jambo moja tu: angelipa kwa fedha taslimu au kwa simu.

Madoa yale yalififia baada ya miezi kadhaa ya matibabu na subira. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa yangeweza kuzuiwa kwa mazungumzo ya nusu saa kati ya mgonjwa na mtu anayeijua ngozi. Makala haya yanahusu nusu saa hiyo: yale ambayo mgonjwa anapaswa kuyasema, na yale ambayo mhudumu wa afya anapaswa kuyauliza.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960. Miaka minne baadaye Kumar Patel alibuni leza ya kabonidioksidi, ambayo hadi leo hutumika sana katika tiba ya ngozi. Hapo awali madaktari waliitumia kuondoa tabaka lote la juu la ngozi ya uso kwa mara moja. Matokeo yalikuwa mazuri kwa baadhi ya watu, lakini mgonjwa alibaki na uso mbichi unaotoa majimaji kwa wiki mbili au zaidi, na wapo waliopoteza rangi ya ngozi moja kwa moja. Kwa watu weusi njia hiyo ilikuwa hatari mno.

Mwaka 2004 Dieter Manstein, Rox Anderson na wenzao wa Harvard walichapisha wazo jingine. Badala ya kuchoma uso wote, mwanga hugawanywa kuwa maelfu ya vitone, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na katikati ya vitone ngozi huachwa bila kuguswa. Wataalamu huiita leza ya frakshonali. Hapa nitaiita leza ya vitone. Ni sawa na mkulima anayechimba mashimo ya mbegu pasipo kulitifua shamba zima. Ngozi nzima iliyobaki kati ya mashimo ndiyo inayotoa chembe za kuyafunga, na kwa sababu hiyo kidonda hupona kwa siku badala ya wiki. Chini yake kolajeni hujijenga upya taratibu, kazi inayoendelea kwa miezi mitatu hadi sita.

Leza hizi ni za aina mbili. Ya kwanza, kama ile ya kabonidioksidi, hutoboa ngozi kwa kuivukiza. Nguvu yake ni kubwa, na mgonjwa hukaa na magamba na wekundu kwa siku tano hadi kumi. Ya pili hupasha joto ndani ya ngozi bila kuitoboa. Uponyaji wake ni wa haraka, lakini huhitaji kurudiwa mara tatu hadi tano au zaidi. Mgonjwa yeyote ana haki ya kuambiwa ni ipi kati ya hizi itakayotumika kwake. Anayeshindwa kulijibu swali hilo hapaswi kuishika mashine.

Yapo maelezo yanayorudiwa mara nyingi kwamba leza hizi ni hatari kwa ngozi nyeusi kwa kuwa zinafyonzwa na weusi wenyewe. Maelezo hayo yanafaa zaidi kwa leza za kuondoa nywele, ambazo hakika hutafuta melanini. Leza ya vitone hutafuta maji yaliyomo katika ngozi, na kwayo ngozi ya Mmasai na ya Mnorwe hazitofautiani sana. Tofauti huja baadaye. Kila jeraha huleta uvimbe na joto, na chembe zinazotengeneza rangi katika ngozi nyeusi hujibu uvimbe huo kwa kumwaga melanini kwa wingi. Angalia miguu yako mwenyewe: kama kila ulipoumwa na mbu pamebaki doa jeusi kwa miezi, basi unajua tayari namna uso wako utakavyojibu matundu elfu kadhaa. Swali hili rahisi, "vidonda vyako vya zamani vilipona vipi?", hunisaidia kuliko vipimo vingi.

Kwa wahudumu wenzangu, jambo la kukumbuka ni kwamba hatari ya weusi huu hufuata wingi wa vitone katika eneo kuliko kina cha kila kitone. Kwa mgonjwa mweusi vitone huwekwa vichache na mbalimbali, ngozi hupozwa wakati wa kazi, na muda kati ya awamu hurefushwa. Kipande kidogo, mathalani mbele ya sikio, hujaribiwa kwanza na kuangaliwa baada ya wiki nne au zaidi, kwa sababu weusi huanza kujitokeza wiki ya pili hadi ya nne. Jaribio linalotazamwa baada ya siku tatu halithibitishi lolote. Na anayemwahidi mgonjwa kummaliza kwa siku moja ili aokoe nauli, anamwokolea kidogo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wagonjwa wengi hunificha. Nikiuliza, "Unapaka nini usoni?", jibu la kwanza huwa "sabuni ya kawaida tu." Nikiuliza tena, mlango ukiwa umefungwa na shangazi aliyemsindikiza akiwa nje, hutajwa krimu moja, kisha ya pili, kisha chupa isiyo na nembo iliyochanganywa na rafiki. Mkorogo hauna fomula moja. Ndani yake huweza kuwemo haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali kama klobetasoli, na mara nyingine vyote pamoja. Tanzania ilikwisha kuzuia haidrokwinoni na zebaki katika vipodozi, lakini bidhaa hizo bado zinapatikana madukani na sokoni.

Steroidi ikipakwa kwa miezi huifanya ngozi kuwa nyembamba, huichelewesha kupona, na huidhoofisha mbele ya vijidudu. Leza juu ya ngozi ya namna hiyo ni mwaliko wa kidonda kisichofunga. Mgonjwa akiiacha ghafula, uso huwaka, huvimba na kutoa vipele kwa wiki nyingi. Ni lazima kusubiri hadi utulie ndipo leza izungumzwe. Haidrokwinoni nayo, ikitumika kwa miaka bila usimamizi, huweza kuleta okronosisi: weusi wa kibuluu kwenye mifupa ya mashavu, wenye chembechembe kama mbegu za ulezi. Kwa uchungu wa mambo, watu wengi wanaokuja kuomba leza ya kuondoa madoa meusi wana hali hii hii, na dawa waliyoitegemea ndiyo iliyoileta. Leza isiyopangwa vizuri huweza kuwaongezea weusi. Hali ni karibu hiyo hiyo kwa melasma, yale madoa ya uso yanayotokea sana wakati wa ujauzito au kwa kutumia vidonge vya uzazi wa mpango. Huweza kung'aa kwa mwezi mmoja baada ya leza, kisha yakarudi na nguvu mpya.

Sikulaumu, msomaji unayepaka. Najua bibi harusi huanza kuandaliwa mapema, na najua maneno ambayo msichana mweusi huambiwa tangu utotoni. Ninachoomba ni kwamba ulete chupa zako zote kwenye mfuko, hata ile isiyo na jina, uziweke mezani kwa daktari. Nasi tulio upande wa pili wa meza tuulize bila kukunja uso. Anayekaripiwa mara moja hatasema kweli mara ya pili.

Yapo mengine ya kuuliza, na haya hayachukui muda. Je, mgonjwa au ndugu yake ana keloidi, lile kovu linalovimba na kupita mipaka ya jeraha, sikioni au kifuani? Je, aliwahi kupata malengelenge ya hepesi mdomoni? Joto la leza huyaamsha, na juu ya uso uliotobolewa huweza kusambaa mashavu yote mawili. Aliyewahi kuyapata hupewa asiklovia au valasiklovia kuanzia siku moja kabla au siku yenyewe, hadi ngozi ifunge. Je, ana chunusi mbichi, ujauzito, kisukari kisichodhibitiwa, vitiligo inayoenea, au ugonjwa unaopunguza kinga? Kwa wengi wa hawa leza huahirishwa, na kwa wengine haifai kabisa. Vidonge vya isotretinoini vilikuwa sababu ya kusubiri miezi sita. Mapitio ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2017 yaliona kwamba kwa leza ya vitone ushahidi wa kusubiri hivyo hautoshi, ingawa kwa leza inayoondoa uso mzima tahadhari ile inabaki. Daktari ajulishwe kwa vyovyote.

Makovu nayo hayafanani. Yale mapana na ya mabonde hujibu vizuri zaidi. Matundu membamba na marefu, kama yaliyochomwa kwa msumari, hujibu kidogo sana, na hutibiwa vizuri zaidi kwa asidi inayotiwa ndani ya tundu moja moja au kwa kukatwa. Hata penye mafanikio, kovu hupungua; halifutiki. Inafaa pia kusema wazi kwamba matibabu ya sindano ndogo ndogo zinazotoboa ngozi bila joto huleta nafuu ya kutosha kwa makovu mengi ya chunusi, kwa gharama ndogo na kwa hatari ndogo ya weusi. Mimi, kwa ngozi nyeusi sana yenye makovu ya wastani, huanza na sindano. Wenzangu wenye mashine mpya hawakubaliani nami daima. Lakini nisije nikaeleweka kwamba leza ni anasa tu: kwa makovu magumu ya kuungua, yanayokaza kiwiko au shingo, leza ya vitone huweza kulainisha ngozi na kumrudishia mtu sehemu ya mwendo wake.

Siku ya kazi, mambo matatu yasifanyiwe mzaha. Macho ya mgonjwa na ya wote waliomo chumbani yafunikwe kwa kinga iliyotengenezwa kwa aina ya leza inayotumika. Krimu ya ganzi yenye lidokeini ipakwe kwa kiasi kilichopimwa. Ikipakwa eneo kubwa na kufunikwa kwa plastiki, huingia katika damu na huweza kuleta degedege na hata kifo. Mgonjwa anayelalamika ganzi ulimini au mlio masikioni afutwe krimu mara moja na awe chini ya uangalizi wa daktari. Na moshi unaotoka katika ngozi iliyovukizwa uvutwe kwa mashine yake, kwani ndani yake huweza kuwemo virusi.

Nyumbani, uso uoshwe kwa upole kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha upakwe mafuta ya mgando, yasiyo na harufu wala rangi. Liwa, manjano na singo visubiri hadi daktari aruhusu. Kwa siku hizo za mwanzo epuka kukaa juu ya jiko la mkaa, na ukiweza epuka bodaboda, kwa vumbi na kwa msuguano wa kofia ngumu. Utafiti wa Thailand uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba klobetasoli ikipakwa siku mbili tu za mwanzo hupunguza weusi baada ya leza ya kabonidioksidi. Dawa ile ile inayoharibu ngozi kwa miezi huweza kuitumikia kwa siku mbili, ikiwa imeandikwa na daktari na kuachwa siku ya tatu.

Ngozi ikishafunga, losheni ya kuzuia jua ni ya kila asubuhi, hata siku ya mawingu. Kwetu sisi weusi, mwanga wa kawaida unaoonekana nao huamsha rangi, kwa hiyo losheni yenye oksidi ya chuma, ile yenye rangi ya hudhurungi, hufaa kuliko nyeupe. Mtandio na kofia pana ya ukili husaidia kweli.

Wewe uliye zahanati, huenda mgonjwa akaja kwako badala ya kwa aliyemtibu. Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu, usaha, homa, malengelenge, au sehemu inayobaki mbichi baada ya siku kumi vyote vinahitaji rufaa kwa daktari wa ngozi haraka. Usimpe krimu ya mchanganyiko yenye steroidi, antibiotiki na dawa ya fangasi ukitumaini mojawapo itafanya kazi. Weusi peke yake, bila maumivu, si dharura: mkinge na jua, mwonye asirudie leza, na mtulize.

Kwa wenye tarehe ya harusi mkononi, hesabu ni rahisi. Awamu tatu zenye mapumziko ya wiki sita, na miezi mitatu ya kusubiri kolajeni na kufifisha doa lolote litakalotokea, ni karibu nusu mwaka. Ukibakiwa na pungufu ya hapo, fanya harusi kwanza.

Yule mwanamke wa mtandio aliolewa siku ile ile iliyopangwa, vidoa vikiwa chini ya poda. Alirudi kwetu baada ya mwaka, makovu yakiwa palepale, akitaka kujaribu tena. Kabla sijauliza chochote alifungua mkoba na kupanga mezani chupa nne na kopo moja, akaanza kunieleza ya kwanza aliinunua wapi.