Upepo wa saa sita ku masomo: unatoka wapi?



Kila kipwa, asubuhi hewa inatulia ku masomo ya kambi yetu. Karibu na saa sita upepo unaanza, unapita ku barabara ya makamio na kuingiza mavumbi mu kalasi. Watoto wanakohoa. Wengi wanasema: ni upepo wa Mungu, tutafanya nini? Lakini sehemu ya upepo ule inazaliwa pale pale ku kiwanja.

Tazama babula ya makala. Hewa yenye moto inakuwa nyepesi, inapanda. Ile ya baridi inaingia ku matobo ya chini, inashika fasi yake.

Ku kiwanja ni vile vile. Jua ni moja, lakini ardhi haishiki joto sawasawa. Udongo mwekundu usio na majani na manjanja ya kalasi vinapata moto mbio. Chini ya muti wa maembe kunabakia baridi. Mtoto asiye na viatu anajua: mu kiwanja anaruka-ruka, chini ya muti anasimama. Basi hewa ya kiwanja inapanda, ile ya pembeni inakimbilia mule. Siku zingine inazunguka, tunaona kisulisuli. Watu wa Kalemie wanajua upepo wa namna hii: mchana unatoka ku ziwa, usiku unatoka inchi kavu.

Ni kweli, mu kipwa kuko pia upepo mkubwa wa kusini-mashariki. Ule hatuuwezi. Lakini mavumbi ya saa sita tunaweza kuyapunguza.

Gari la maji la kampani linamwanga barabara saa moja ya asubuhi. Upepo ukianza, barabara imekwisha kukauka. Mu sendika tuliomba jambo moja tu: lirudie saa tano. Walifanya juma mbili, kisha wakasema maji ni bei. Hatutanyamaza. Mavumbi ya mawe yenye silika yanaharibu mapafu. Sisi tuko na prime ya hatari, watoto hawana.

Na sisi wazazi tuko na kazi yetu. Mvua ikianza, tupande miti kati ya barabara na kiwanja, na majani fasi udongo uko wazi. Muti unapoza ardhi, na matawi yake yanakamata mavumbi. Ile iliyobaki, tusiikate juu ya makala.