Mkulima, usiuze mbuzi kwenye gunia

MTU akisema ameuziwa mbuzi kwenye gunia, hahitaji kueleza zaidi. Alilipia kitu asichokiona, na alipofungua akakuta sicho.

Usemi huu una ndugu zake Ulaya. Waingereza humwonya mnunuzi asinunue nguruwe ndani ya mfuko. Inasimuliwa kuwa katika masoko ya zamani kitoto cha nguruwe kiliuzwa kikiwa kimefungwa mfukoni, na matapeli wakatia paka badala yake. Wafaransa na Wajerumani humtaja paka mwenyewe. Fundisho ni moja: fungua kwanza, lipa baadaye.

Katika misemo hiyo yote anayepunjwa ni mnunuzi. Kwa mahindi na mpunga wetu hapa Mpanda, mara nyingi anayepunjwa ni muuzaji. Mazao ni yake, ameyalima mwenyewe, lakini uzito wake haujui. Anauza kwa gunia, na gunia lenyewe ni lumbesa, limejazwa hadi juu kisha likaongezewa kichwa na kushonwa kwa kamba.

Tufanye hesabu. Tuseme kilo moja ya mahindi ni shilingi 800. Gunia la kilo 100 ni shilingi 80,000. Lumbesa la kilo 120 likiuzwa kwa bei hiyo hiyo, mkulima ametoa bure kilo 20, yaani shilingi 16,000. Kwa magunia 10 amepoteza shilingi 160,000, fedha ambazo zingemsaidia kununua mbolea ya msimu ujao.

Lumbesa ni kosa kisheria. Wakala wa Vipimo unataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kwa hiyo mfanyabiashara mdogo anayelibeba naye yumo hatarini.

Wakulima wa tumbaku mkoani Katavi wanaijua njia nyingine. Tumbaku hupangwa madaraja na kupimwa kwenye mizani kabla ya kulipwa. Kwa nini mahindi yauzwe kwa kukadiria?

Ushauri wangu ni huu. Wakulima wachache wachange wanunue mizani, waipeleke ikahakikiwe na Wakala wa Vipimo. Kisha mnunuzi akija, msimuulize gunia ananunua kwa bei gani. Muulizeni bei ya kilo.