Shindano la Watoto Liwepo, Zawadi Ziende kwa Tombola

Likizo ya Noeli huangukia wakati mvua za Katanga zimeshachanganya, na mtoto wa Makomeno, mtaa wa Lubumbashi, asiye na pa kwenda hushinda ndani. Maktaba, iwe ya shule, ya parokia au ya chumba kimoja tu, inaweza kumwita kwa shindano la kazi za mikono. Vifaa vyake havina gharama: nyaya, vizibo, makopo, maboksi na gundi ya kupika kwa unga. Matata huja siku ya kufunga, mmoja anapobebeshwa zawadi na waliobaki wakaambiwa ahsante. Ninashauri kazi zionyeshwe na kujadiliwa kwa makini, lakini zawadi zitolewe kwa tombola, yaani bahati nasibu.

Ushauri huu una ushahidi. Mwaka 1982 mwanasaikolojia wa Marekani Teresa Amabile alichapisha utafiti kuhusu wasichana wa miaka 7 hadi 11 waliotengeneza picha za kubandika vipande vya karatasi. Kundi moja liliambiwa kazi bora ndizo zitakazopata zawadi. Jingine liliambiwa zawadi zitapigiwa bahati nasibu. Waamuzi waliona ubunifu mdogo zaidi katika kazi za kundi lililoshindania zawadi. Kabla ya hapo, mwaka 1973, mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba watoto wadogo walioahidiwa tuzo ili wachore walipunguza hamu ya kuchora baadaye, tofauti na waliopewa tuzo bila kuahidiwa. Macho yakiwa kwa mwamuzi, mtoto hufanya kile anachodhani kitapendwa, na kujaribu jambo jipya kunakuwa hatari.

Atakayesema hayo ni mambo ya Wamarekani, tena watoto wachache, ana haki ya kusita. Lakini atazame historia ya mji huu. Mwaka 1946, Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar. Hakuwapa wanafunzi wake michoro ya Ulaya wainakili. Kila mmoja alitakiwa atafute njia yake. Pilipili Mulongoy akajulikana kwa samaki na ndege, Bela akapaka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga akajenga picha kwa vistari vifupi vilivyosongamana. Karakana ile ilikuwa ya zama za ukoloni, na ubwana wake haukukosekana. Hata hivyo inatufundisha jambo moja: pasipo kielelezo cha kufuata, mikono mitatu ilizaa mitindo mitatu. Kipimo kimoja cha ushindi kingewavuta wote upande mmoja.

Wapo watakaouliza kama tombola haimpi mvivu kilicho cha mwenye bidii. Haimpi, kama jina linaingia kwenye kapu kwa masharti: kazi ifanywe na kumalizwa ndani ya maktaba, mtoto afungue angalau kitabu kimoja kinachohusu anachotengeneza, kisha awaeleze wenzake alivyofanya na wapi ilimshinda. Bidii ndiyo tiketi. Bahati huamua tu nani abebe nini. Tena utaratibu huu unafunga mlango wa hila inayojulikana, ya mzazi fundi kutengeneza usiku gari la nyaya ambalo mwanawe ataliwasilisha asubuhi.

Wengine watasema watoto wanapenda kushindana, na dunia haina huruma kwa asiyezoea kushindwa. Ni kweli wanapenda. Wenye magari ya nyaya hulinganisha magurudumu na usukani bila kungoja jopo la wakubwa, na maktaba haina sababu ya kuwazuia. Kushindwa nako wanakujua vizuri: shule inawapanga kwa asilimia mwaka mzima. Maktaba ikirudia mizani ileile wakati wa likizo, haimwongezei mtoto funzo lolote, na huenda ikamfukuza yule aliyekuwa anaanza kuzoea rafu za vitabu.

Wafadhili wanaotaka picha ya mshindi na kombe waelezwe hilo mapema. Badala ya kombe watoe daftari, rangi na vitabu vya kupeleka nyumbani, na wapigwe picha pamoja na kazi zote. Mafanikio ya shindano yapimwe Januari, kwa kuhesabu ni wangapi kati ya walioshiriki wamerudi kusoma wakati hakuna zawadi inayogawiwa.