Bendi ya shule ikivunjika, si mwisho: muulize Freddie

Kama uko kidato cha nne hapa Bofu na una kikundi cha muziki na wenzako wa darasa, najua swali linalowakosesha usingizi: tukimaliza shule, itakuwaje? Mmoja atapata chuo Nairobi. Mwingine atatafutiwa kazi bandarini. Mwingine ataambiwa nyumbani aache mchezo, atafute maisha. Na kikundi? Ndiyo basi tena.

Kabla hujakata tamaa, sikiliza kisa cha kijana wa pwani hii hii yetu. Alizaliwa mjini Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya India, na babake alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu enzi za Mwingereza. Dunia ilikuja kumwita Freddie Mercury, sauti ya bendi ya roki ya Queen.

Hapo utasema, huyo namjua, si nilitazama ile filamu ya Bohemian Rhapsody ya 2018. Sawa. Lakini Queen haikuwa bendi yake ya kwanza. Haikuwa hata ya pili.

Akiwa na miaka kama 8, Farrokh alipelekwa shule ya bweni, St Peter's, katika mji wa milimani wa Panchgani huko India, mbali sana na nyumbani. Wenzake ndio waliomwita Freddie, jina likamganda. Mwalimu mkuu aliona mtoto ana sikio la muziki, akawaandikia wazazi kuwaomba walipie masomo ya piano. Wakalipa, naye akasoma hadi akapita mtihani wa daraja la nne.

Mwaka 1958, akiwa na miaka 12, yeye na wenzake wanne wakaunda bendi wakaiita The Hectics. Derrick Branche alipiga gitaa, Victory Rana alipiga ngoma, Farang Irani akashika besi, na besi yenyewe ilikuwa ya kujitengenezea kwa sanduku la majani ya chai, mti na waya. Maiki alishika Bruce Murray. Umesoma vizuri: mtu ambaye baadaye angesimamisha uwanja mzima wa Wembley alikuwa pembeni, kwenye piano, akiitikia.

Nyimbo zao hazikuwa zao. Waliiga Cliff Richard, Little Richard na wengine waliovuma wakati huo. Walipiga kwenye hafla za shule, wasichana wa shule ya jirani wakipiga mayowe. Ukiwa na miaka 12, unataka nini tena?

Halafu shule ikaisha, na bendi ikaisha. Hawakutoa rekodi hata moja. Rana aliingia jeshi la Nepal, akapanda hadi cheo cha jenerali, na miaka mingi baadaye akaongoza wanajeshi wa Umoja wa Mataifa kule Saiprasi. Branche akawa mwigizaji Uingereza, na yumo kwenye filamu ya My Beautiful Laundrette ya 1985. Irani alifungua mkahawa Pune. Kila mtu na njia yake, kama mnavyoogopa nyinyi.

Na Freddie? Alirudi Unguja mwaka 1963. Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na mwaka huo huo familia ikakimbilia Uingereza, wakapanga maisha upya Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana akabeba mizigo pale uwanjani apate hela, akasomea sanaa na usanifu wa michoro katika chuo cha Ealing. Tangu The Hectics watawanyike hadi alipopata bendi nyingine ilipita miaka sita hivi. Miaka sita, kaka! Wewe ukikaa miezi miwili bila shoo unasema muziki umekukataa.

Hapa ndipo darasa linaingia tena. Pale Ealing alisoma na jamaa anaitwa Tim Staffell, aliyekuwa mwimbaji na mpiga besi wa bendi ya Smile. Tim naye alikuwa na historia yake ya bendi ya shule: yeye na mpiga gitaa Brian May walisoma shule moja ya sekondari, Hampton, na mwaka 1964 walikuwa pamoja kwenye bendi ya vijana iliyoitwa 1984. Hiyo nayo ilikufa. Ndipo mwaka 1968 wakaunda Smile, na mpiga ngoma akawa Roger Taylor.

Freddie akawa shabiki wa Smile, anawafuata kila mahali, anawapa ushauri ambao hawakumwomba. Wakati huo huo akajaribu bendi zake. Mwaka 1969 alijiunga na Ibex, ikabadilishwa jina ikawa Wreckage, ikafa. Akaingia Sour Milk Sea mwanzoni mwa 1970, ikafa pia. Tim alipoondoka Smile mwaka huo huo, Freddie akachukua nafasi yake, na yeye ndiye aliyetoa jina jipya: Queen. Mpiga besi John Deacon alikuja 1971.

Sasa hesabu makaburi. The Hectics, 1984, Smile, Ibex, Sour Milk Sea. Bendi tano zilikufa ndipo Queen ikapatikana. Albamu yao ya kwanza ilitoka Julai 1973, miaka 15 baada ya lile sanduku la chai. Bohemian Rhapsody, iliyokaa kileleni Uingereza wiki tisa mfululizo, ilikuja 1975.

Usidhani walikuwa na pesa. Brian May alitengeneza gitaa lake mwenyewe akisaidiwa na babake, shingo yake ikichongwa kutoka mbao ya zamani ya mahali pa kuotea moto, na gitaa hilo hilo amelipiga hadi uzeeni. Deacon, aliyesomea elektroniki, aliokota saketi kwenye takataka akaiunda kuwa kipaza sauti cha gitaa, nacho kikatumika kwenye rekodi za Queen. Freddie na Roger waliuza nguo kuukuu kwenye soko la Kensington. Kwetu ungesema ni mitumba, nenda Kongowea utawaona wenzao. Na shule hawakuitupa hivi hivi: May alikuwa anasoma fizikia, akaiacha udaktari wake njiani, akarudi kuumaliza mwaka 2007.

Si kwamba lazima muachane. Kuna waliobaki pamoja. Bien, Chimano na Savara walikutana shuleni Upper Hill, Nairobi, wakiimba bila vyombo. Walipomaliza, mwaka 2005, wakampata mpiga gitaa Polycarp Otieno pale Alliance Française, na hiyo ndiyo Sauti Sol. Albamu ya kwanza, Mwanzo, ilitoka 2008. Walishikana hadi Novemba 2023 walipofanya tamasha la kuagana. Lakini angalia, hata wao kikundi cha shule hakikuvuka kama kilivyokuwa. Kilibadilika jina, kikaongeza mtu kutoka nje.

Kwa hiyo swali lako labda si "tutabaki pamoja?" Jiulize ukitoka hapo utabeba nini. Freddie alitoka Panchgani na piano mikononi, na mazoea ya kukaa ndani ya kikundi bila kuwa yeye mbele. Kama wewe ni wa maiki, mwombe mwenzako akufundishe kodi tatu za gitaa kabla mtihani haujawatawanya. Kama wewe ni wa gitaa, jaribu kuimba.

Na jambo moja watu hulipuuza mpaka wanagombana: andikeni nani alitunga nini. Tim Staffell aliondoka kabla mambo hayajawa mambo, lakini wimbo alioutunga na May, Doing All Right, uliingia albamu ya kwanza ya Queen, na jina lake likawekwa. Filamu ilipotengenezwa 2018, wazee wale wa Smile walikutana wakaurekodi upya. Karibu miaka 50 baadaye, na bado wanapigiana simu.

Basi wiki hii, mkimaliza mazoezi, chukueni daftari moja. Andikeni kila wimbo mlio nao, nani alileta maneno, nani alileta sauti, tarehe gani. Kila mmoja apige picha ukurasa huo kwa simu yake. Mkikosana na mkapatana tena baada ya miaka kumi, mmoja Nairobi, mwingine bado anavuka feri ya Likoni kila asubuhi, mtakuwa na pa kuanzia.