Baiskeli Zipo Kalobeyei, Mwalimu Yuko Wapi?

Msomaji, ukitaka kuujua upepo wa Turkana, toka Kalobeyei asubuhi kwa baiskeli uelekee Kakuma. Mimi nilijaribu, tena kwa baiskeli ya kuazima. Kabla sijafika mbali, kijana mmoja wa bodaboda alinipita kama nimesimama. Alikuwa amepakia abiria, na abiria amepakata mtungi wa maji. Baiskeli yake ni ile nyeusi ya chuma, haina gia hata moja.

Nilimkuta sokoni Kakuma akiziba tairi. Miiba ya mathenge haina huruma.

“Mzee, unapigana na upepo kwa kifua,” akaniambia. “Ungejificha nyuma yangu.”

Hajafundishwa na mtu, lakini hilo ndilo somo la kwanza la mashindano ya barabarani: wa mbele hukata upepo, wa nyuma hupumzika, kisha hupokezana. Mengine hayaji yenyewe. Yanahitaji mwalimu.

Nasema hivi kwa sababu tumeona. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipokuwa kijana alifundishwa na David Kinjah wa Mai-a-Ihii, karibu na Kikuyu. Kinjah hakuwa na uwanja wa fahari. Alikuwa na nyumba ya mabati, spana na barabara za vilima. Mwaka 2006 Froome aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne. Baadaye alihamia upande wa Uingereza, akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Wao wakapata vikombe, sisi tukabaki kusema alizaliwa kwetu!

Kakuma yenyewe ina ushahidi wake. Wakimbiaji watano wa Sudan Kusini walitolewa kambini, wakafanya mazoezi Ngong chini ya Tegla Loroupe, na mwaka 2016 wakawa Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Kwa baiskeli, Eyeru Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, aliingia timu hiyo Paris 2024, lakini yeye alikuwa amepata hifadhi Ufaransa. Kijana wangu yuko Kalobeyei, na kwa miaka mingi mkimbizi wa hapa amehitaji kibali hata kusafiri nje ya kambi. Utafanyaje mazoezi ya masafa marefu kwa kibali?

Nilimweleza kwamba Septemba 2025 mashindano ya dunia yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali, na kwamba Michezo ya Los Angeles ni 2028. Akauliza wanaume waliendesha umbali gani Kigali.

“Kilomita 267,” nikamjibu. “Kama kwenda Lodwar na kurudi, na bado kuna ziada.”

Alijaza tairi upepo, akalibonyeza kwa kidole, akanitazama.

“Bila abiria?”