Je, Wajua? Miaka ya Mbelgiji Kigoma

Mwulize mwanafunzi wa Rusimbi waliotutawala ni akina nani, atakutajia Mjerumani na Mwingereza. Katikati yao yupo wa tatu. Kuanzia Julai 1916 hadi Machi 1921, Kigoma na Ujiji zilikuwa mikononi mwa Mbelgiji, aliyezitwaa kwa mtutu wa bunduki.

Je, wajua kuwa Vita vya Kwanza vya Dunia viliikuta reli ya Kigoma bado mpya? Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika ziwani Februari 1914. Agosti mwaka huohuo vita vikaanza, na mabehewa yaliyokusudiwa kubeba bidhaa yakaanza kubeba askari na risasi.

Je, wajua kuwa Mjerumani ndiye aliyeanza uchokozi ziwani? Agosti 22, 1914, meli yake Hedwig von Wissmann iliishambulia Alexandre Delcommune ya Wabelgiji upande wa Kongo. Tangu hapo, kwa zaidi ya mwaka mzima, Tanganyika likawa ziwa lake.

Je, wajua kuwa meli tunayoiita MV Liemba iliingia nchini ikiwa vipande vipande? Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000. Mafundi watatu kutoka Ujerumani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja kusimamia kazi ya kuiunganisha upya hapa Kigoma. Ilishushwa majini Februari 5, 1915.

Je, wajua kuwa mzinga wake mkubwa ulitoka Rufiji? Ulikuwa wa manowari Königsberg, iliyoangamia kwenye delta ya mto huo Julai 1915. Baadaye jeshi la nchi kavu liliuhitaji, likaung'oa. Pale juu ya meli ukasimamishwa mzinga wa mti ili kumzuga adui.

Je, wajua kuwa Waingereza walileta boti zao za vita kwa nchi kavu? Mimi na Toutou zilisafirishwa kwa meli kutoka Uingereza hadi Cape Town, zikapandishwa treni hadi Katanga, zikakokotwa na mashine, maksai na vibarua kuvuka milima ya Mitumba, ndipo zikafika ziwani. Desemba 26, 1915 ziliiteka Kingani ya Wajerumani. Februari 9, 1916 Mimi ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann.

Je, wajua kuwa Kigoma iliwahi kupigwa mabomu kutoka angani? Juni 1916 ndege za Wabelgiji zinazotua majini ziliruka kutoka upande wa Kongo, zikaishambulia bandari zikiisaka Götzen.

Je, wajua kuwa meli hiyo ilizamishwa na wenyewe? Wajerumani walipoona hawana njia, waliipaka mitambo yake grisi nzito, wakaijaza mchanga, wakaizamisha taratibu Julai 26, 1916, kwa matumaini ya kurudi kuichukua. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma. Wao ndio waliokuja kuiibua, ila ikazama tena. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Ile grisi ilikuwa imefanya kazi yake: mitambo ilikutwa mizima.

Je, wajua kuwa wengi wa askari walioiteka Kigoma walikuwa Waafrika? Jeshi la Kongo, Force Publique, lilikuwa na maofisa Wazungu na askari Wakongo. Nyuma yao walitembea maelfu ya wapagazi wenye chakula na risasi kichwani. Wengi wao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na hawakuwahi kushika bunduki.

Je, wajua kuwa Wajerumani walifua dhahabu Tabora kabla ya kukimbia? Mwaka 1916, fedha zilipoadimika, walitengeneza sarafu za shaba na za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Tabora ikaanguka Septemba 19 mwaka huohuo.

Je, wajua kuwa hata stempu zilivalishwa utawala mpya? Wabelgiji walichukua stempu za Kongo, wakazipiga chapa kwa Kifaransa na Kiholanzi kutangaza kwamba eneo hili la Wajerumani sasa limekaliwa na Ubelgiji.

Je, wajua kuwa wenyeji wa Kigoma hawakuulizwa wanataka kwenda kwa nani? Mei 30, 1919, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji waliafikiana: Rwanda na Burundi zibaki kwa Mbelgiji, Kigoma iende kwa Mwingereza. Makabidhiano yalifanyika Machi 22, 1921. Ndugu waliozoea kutembeleana wakajikuta chini ya bendera mbili.

 

Je, wajua kuwa Mbelgiji aliondoka lakini bandari hakuiachia? Kwa mkataba wa Machi 15, 1921, Ubelgiji ilipewa maeneo katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, milele, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Ulipokaribia uhuru, Nyerere alitangaza kwamba mkataba huo hautaifunga Tanganyika.

Walioshuhudia haya hawapo tena. Wajukuu waliosimuliwa wapo Rusimbi, Gungu na Ujiji, nao umri umekwenda. Una simu mfukoni: nenda kakae nao, uwarekodi.