Kimya cha usiku, mshindo wa asubuhi

Leo tuzungumzie kimya.

Kituo kimoja cha redio nilichopata kufanya kazi kilipokea matangazo ya vifo kupitia tovuti yake. Mchana mambo yalikwenda vizuri. Lakini kila alfajiri, mfiwa wa kwanza kutuma tangazo alisubiri robo saa nzima, ukurasa umeganda. Siku moja tangazo lilitufikia baada ya taarifa ya saa moja kusomwa. Jamaa wengine hawakuwahi mazishi. Mafundi waliwasha upya seva, mambo yakatengemaa. Kesho yake yakawa yale yale.

Kisa ni hiki. Nyuma ya tovuti ile zilikuwapo seva mbili: moja ya kumpokea mteja, nyingine ya kuendesha programu. Ili zisibishiane hodi kila mara, ziliacha mawasiliano wazi na kuyatumia tena. Katikati yake alikaa mlinzi wa mtandao, yaani fayawoli, mwenye daftari la mawasiliano aliyoyaruhusu. Yakikaa kimya kwa muda uliowekwa, mara nyingi dakika 60, huyafuta bila kumwambia yeyote. Usiku matangazo hayakuwapo. Asubuhi seva ya kwanza ikatuma ujumbe katika njia iliyokwisha futwa, mlinzi akautupa. Mfumo wa Linux, usipobadilishwa, hurudia kutuma kwa zaidi ya dakika 15 ndipo ukate tamaa.

Mtauliza, je, seva haziwezi kujuliana hali? Zinaweza, ikiwa programu imeomba. Lakini mwongozo wa intaneti uitwao RFC 1122, wa mwaka 1989, uliagiza kwamba salamu hiyo, isipopangwa vingine, isitumwe kabla ya dakika 120 za kimya. Linux inafuata hivyo. Daktari anafika mgonjwa amekwisha zikwa!

Ushahidi hauko mbali. Fundi akague pande zote tatu: seva zote mbili zitasema mawasiliano yapo, daftari la mlinzi litasema hayapo. Dawa ni salamu kila dakika 10, au seva yenyewe ifunge mawasiliano yaliyolala kabla mlinzi hajayafuta. Kuwasha upya ni kutuliza maumivu tu.

Ndugu mafundi, hitilafu inayokuja asubuhi peke yake msimsingizie mteja. Ulizeni kwanza usiku palikuwa kimya kiasi gani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi mshindo wetu ulikuwa kaburi lililofukiwa ndugu wangali njiani.